Mshahara wa Padri Mhadhiri Unakwenda Wapi?

Mzazi wa Tabora ambaye kijana wake anataka kujiunga na Wajesuiti, shirika la watawa wa Kikatoliki, huuliza kwanza hili: akishasoma, atawasaidia wadogo zake? Sisi tunaohudumia wanafunzi Wakatoliki vyuoni tunaona ni swali la haki, nalo lijibiwe waziwazi.

Mapadri wengi wa parokia zetu ni wa jimbo. Humwahidi askofu utii na kuishi useja, ila hawaweki nadhiri ya ufukara, yaani ahadi kwa Mungu ya kutokuwa na mali binafsi. Padri wa jimbo anaweza kuwa na shamba lake la mpunga. Mjesuiti ni mtawa, naye huweka nadhiri hiyo. Hata akiwa profesa, mshahara wake huingia mfuko wa jumuiya, yaani wenzake anaoishi nao, na humo hutoka chakula, matibabu, malezi ya vijana na matunzo ya wazee. Akihitaji viatu, au nauli ya kwenda msibani Sikonge, anamweleza mkuu wa jumuiya. Bahasha aliyopewa na shangazi yake nayo si mali yake. Mama yake akiugua na hana wa kumtunza, atalifikisha kwa wakuu wake, litazungumzwa. Fedha za pembeni hana. Ni ukweli mgumu, na familia iusikie mapema.

Mkuu wa jumuiya si lazima awe mkuu wa chuo. Mwenye cheo cha juu ofisini anaweza kuwa chini ya utii wa mhadhiri wa kawaida akirudi nyumbani. Kila mwaka mkuu wa kanda huzungumza na kila Mjesuiti kuhusu sala, kazi na afya yake, kisha anaweza kumhamisha. Anayefundisha Hekima, chuo cha teolojia cha Wajesuiti kilichoanza Nairobi mwaka 1984, anaweza kupelekwa Sudan Kusini.

Wageni hushangaa kutowakuta Wajesuiti wakiimba masifu, sala za Kanisa za kila siku, pamoja kikanisani kama wamonaki, watawa wa monasterini. Mwanzilishi wao Mtakatifu Inyasi, ambaye shirika lake lilikubaliwa na Papa Paulo III mwaka 1540, hakutaka sharti hilo liwazuie kwenda wanakohitajika. Wana Misa, kuchunguza dhamiri mara mbili kwa siku, na mafungo ya siku 8 kila mwaka. Kwa mtazamo wangu, meza ya chakula cha jioni ndiyo inayowajenga zaidi: mzee aliyestaafu, bruda (mtawa asiye padri) wa maktaba na mwanafunzi wa teolojia wanakula chungu kimoja.

Unovisi, kipindi cha kwanza cha malezi, huchukua miaka 2. Katika muda huo kijana yuko huru kuondoka, na shirika linaweza kumrudisha kwao. Baada yake huweka nadhiri, na kwa Wajesuiti hata hizo za kwanza ni za daima.