Skripti ya Katuni Haiishi Siku Inapokabidhiwa

Wengi hudhani mwandishi wa filamu za katuni huandika skripti, akawakabidhi wachoraji, kisha akaenda zake. Sivyo. Kwenye studio kubwa, kila tukio huchorwa kwanza harakaharaka, likaunganishwa na sauti za muda, na filamu nzima ikatazamwa kabla mhusika hata mmoja hajaanza kutembea. Hapo ndipo hadithi iliyolegea hujulikana, na mwandishi hurudi mezani, tena na tena, pengine kwa miaka. Mchoraji akimchora mhusika akikonyeza jicho, na hilo likatosha kusema kile kilichoandikiwa mistari sita ya mazungumzo, mistari hiyo hufutwa. (Anayependa mno maneno yake atateseka.)

Chukua Toy Story, filamu ya studio ya Pixar iliyogharamiwa na Disney. Mwishoni mwa 1993 toleo la majaribio liliwachukiza wakuu wa Disney: Woody, mwanasesere ambaye ndiye mhusika mkuu, alikuwa na roho mbaya kupita kiasi. Kazi ikasimama, skripti ikaandikwa upya. Ilipotoka 1995, ikawa filamu ya kwanza ya katuni kuteuliwa kuwania Oscar ya skripti asilia, na waandishi waliotajwa kwa skripti hiyo ni wanne.

Hata chama cha wafanyakazi si kilekile cha waandishi wa filamu za kawaida: nchini Marekani, waandishi wengi wa katuni wako Animation Guild, chama cha wafanyakazi wa katuni, pamoja na wachoraji.