Gemu la matofali limekufa? Fuata volti 3 kabla ya kulaumu chipu

Magemu ya matofali, yale ya mkononi yenye kioo cha kijivu na vibonye vya mpira, hufika kwa fundi yakiwa yameshahukumiwa: "Chipu imeungua." Mara nyingi chipu ni nzima. Zilizokwama ni volti 3 za betri mbili za AA, zimeishia njiani kwenye kutu. Hapa Dar es Salaam, unyevu na chumvi ya bahari haviachi springi ikae salama.

Kabla hujashika bisibisi, toa betri, kisha bonyeza kibonye cha kuwashia na ukishikilie kwa nusu dakika. Chipu ikiganda, chaji iliyobaki kwenye kapasita (kijidude kinachohifadhi umeme kidogo) huweza kuiacha imeganda hivyo hivyo hata ukibadilisha betri upesi. Weka betri mpya, ukiangalia alama za + na −. Gemu likiwaka, mrudishie mwenyewe bila kumtoza hela ya ufundi.

Lisipowaka, fungua skrubu za nyuma na upime nyaya mbili za betri pale zilipoungwa kwenye bodi. Hapa ndipo wengi hupotea. Mita ya dijitali huvuta umeme kidogo mno, kwa hiyo hata springi iliyooza inaweza kukuonyesha volti 3 kamili. Ipe njia mzigo: gusisha rezista (kijidude kinachozuia umeme kwa kiasi) ya omu 100, robo wati, kati ya nyaya hizo mbili huku unapima. Kwa betri mpya na njia safi, mita hubaki juu ya 2.7. Ikiporomoka hadi 1, piga hesabu: volti 1 kwenye omu 100 ni miliampea 10, na volti 2 zilizopotea kwa miliampea hizo 10 ni omu 200 za kutu. Rezista ikiwa bado imeshikwa, weka ncha za mita huku na huku ya kila kiungo: kichwa cha betri na springi yake, springi na mwanzo wa waya, mwanzo wa waya na bodi. Palipo pazima patasoma karibu na sifuri. Palipooza patakuonyesha volti zako zilikoenda.

Kusafisha kunategemea ni betri gani iliyovuja. Alkalaini huacha unga mweupe, nao hulainika kwa matone ya siki. Zile za bei nafuu za zinki na kaboni huvujisha majimaji yenye asidi, kwa hiyo siki haifai. Tumia mswaki wa zamani na maji yenye magadi kidogo, bila kuyafikisha kwenye bodi. Baada ya hapo suuza, pitisha spiriti, na uache pakauke kabisa. Springi iliyobanduka rangi yake ya fedha itashika kutu tena, hata uisugue vipi. Ni bora uchukue nyingine kwenye remoti mbovu.

Usisahau waya wenyewe. Uchafu wa betri hutambaa ndani ya mpira wake. Menya sentimita moja: shaba ikiwa nyeusi, lehemu itaikimbia kama maji juu ya jani la yugwa. Badilisha waya wote.

Volti zikifika na gemu bado kimya, chukua kipande cha waya uunganishe njia mbili za kaboni zilizo chini ya kibonye cha kuwashia. Likiwaka, mpira ndio umechoka. Ufute kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo, pamoja na njia zake kwenye bodi. Msasa usiutumie kabisa, maana unaondoa ile kaboni nyeusi inayopitisha umeme.

Likitoa sauti bila picha, au mistari mingine haionekani, toa ule mpira mwembamba wenye tabaka nyingi, zebra, ulio kati ya kioo na bodi. Usafishe, urudishe ukiwa umenyooka, na kaza skrubu zote kwa nguvu sawa.

Chipu yenyewe imefunikwa kwa tone jeusi la gundi ngumu, na ikifa haitengenezeki. Inayoiua sana ni chaja ya simu ya volti 5 iliyoungwa moja kwa moja. Betri ya simu nayo ni hatari, kwa sababu ikijaa hufika volti 4.2. Ukilazimika kuitumia, pitisha waya wa chanya kwenye diodi mbili za 1N4007 zilizofuatana (vijidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu na kupunguza volti kidogo), mstari mweupe ukielekea kwenye bodi, na betri uichaji ikiwa nje ya gemu. Kabla ya kuunga, pima kwa rezista ileile ya omu 100: betri ikiwa imejaa, unatakiwa upate kati ya volti 2.7 na 3.