Honi ya spika ni njia inayopanuka kama mdomo wa tarumbeta, ikipitisha sauti kwenda chumbani. Je, wajua kwa nini honi ya sauti nyembamba hukaa mezani, na ya besi haipiti mlangoni?

Chukua spika ya kawaida ya koni, uipe wati 100 za umeme. Kinachotoka kama sauti ni karibu wati 1 tu. Zilizobaki karibu zote zinageuka joto kwenye koili iliyo nyuma ya koni. Spika si mbovu. Nyingi ndivyo zilivyo, hata za bei kubwa. Shida iko kwenye hewa, ambayo ni nyepesi mno mbele ya koni. Ni sawa na kurusha unyoya kwa nguvu zako zote: mkono unachoka, unyoya hauendi popote.

Honi inaondoa shida hiyo kwa umbo lake peke yake. Nyuma, kwenye koo jembamba, kiwambo, yaani utando mwembamba unaotikisika, kinasukuma hewa iliyozungukwa na kuta, isiyo na pa kukwepea. Shinikizo linapanda na kiwambo kinapata kitu cha kukisukuma kweli. Kisha njia inapanuka kidogo kidogo, shinikizo linashuka, eneo la hewa inayotikisika linakua, mpaka wimbi linapofika mdomoni linakuwa tayari kuingia chumbani bila kushtuka. Honi haiongezi nishati hata chembe. Inachofanya ni kuiwezesha nguvu iliyokuwa inapotea ifike hewani, na pia inaielekeza mbele badala ya kuitawanya kila upande.

Tofauti yake si ndogo. Spika ya koni ikipewa wati 1 hutoa takriban desibeli 88 kwa umbali wa mita 1. Honi nzuri hufika 105, hata 108. Kwa kuwa kila desibeli 10 ni nguvu mara kumi, kufidia pengo la desibeli 20 kunahitaji amplifaya yenye nguvu mara mia. Ndiyo maana majumba ya sinema ya miaka ya 1920 na 1930 yalijaa honi: amplifaya za wakati ule zilitoa wati chache tu, na ukumbi mzima ulipaswa kusikia. Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg walieleza spika ya koni inayopiga moja kwa moja hewani, na amplifaya zilipozidi kupata nguvu, honi zikaanza kutoweka nyumbani kwa watu.

Wanaozijenga leo nyumbani kwa kawaida hawatafuti kelele. Wanatafuta usafi wa sauti. Kiwambo cha honi kinasogea kidogo sana kutoa sauti ileile, na kinachosogea kidogo hupotosha kidogo. Ukisikia mtu anaimba kupitia honi iliyojengwa vizuri, unasikia hata pumzi anayovuta kati ya maneno. Kwangu mimi hiyo pekee inatosha kuhalalisha vumbi lote la mbao.

Sasa tuje kwenye ukubwa. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Gawanya kwa masafa, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde (Hz), unapata urefu wa wimbi: 400 Hz ni sentimita 86, 40 Hz ni mita 8.6. Kanuni ya zamani ya wajenzi inasema mzingo wa mdomo wa honi uwe sawa na wimbi refu kuliko yote unayotaka ipitishe. Mdomo ukiwa mdogo kuliko hapo, sehemu ya wimbi inagonga ukingo na kurudi ndani, na sauti inatoka kama ya mtu anayeongea ndani ya bomba. Kwa 400 Hz, mdomo unahitaji kipenyo cha sentimita 27. Kwa 40 Hz unahitaji mita 2.7, na huo ni upana wa mdomo tu. Ukianza na koo la sentimita 20, honi hiyo ya besi itakuwa na urefu wa zaidi ya mita 3 na nusu.

Urefu unatokana na kasi ya kupanuka. Katika honi ya eksponenti, ambayo ndiyo rahisi kuikokotoa, eneo huongezeka kwa asilimia ileile kila hatua, na kadiri unavyotaka kushuka chini kwenye besi ndivyo inavyopaswa kupanuka polepole. Kwa 400 Hz kipenyo huongezeka maradufu kila sentimita 9.5. Anza na koo la sentimita 2.5, kipimo cha kawaida cha yuniti nyingi za honi (yuniti ni kile kifaa chenye kiwambo kinachofungwa nyuma ya koo): kipenyo kinafika 5, kisha 10, kisha 20, na unapofika 27 umetembea takriban sentimita 33. Hiyo inakaa mezani bila taabu.

Honi ya namna hii inaweza kujengwa kwa pete za plaiwudi zilizogandishwa moja juu ya nyingine. Ukitumia plaiwudi ya milimita 18 utahitaji pete 18 hivi, na tundu la kila moja litazidi la nyuma yake kwa asilimia 14. Za mwanzo ni sentimita 2.5, 2.9, 3.3, 3.7, ngazi kati yake ni nyembamba, tupa na msasa vinaziondoa upesi. Karibu na mdomo mambo hubadilika, maana pete moja inaipita ya nyuma yake kwa sentimita 3 na ushee. Hapo ni bora kukata tundu kwa mshazari, kisha kusugua mpaka ngazi ya mwisho ipotee. Uwe makini zaidi kooni. Wimbi la 10,000 Hz lina sentimita 3.4 tu, kwa hiyo kingo ya milimita moja pale yuniti inapokutana na mbao si kitu cha kupuuza. Mdomoni, uviringe ukingo, usiuache mkali.

Chini ya masafa yake, honi inaacha kufanya kazi. Kiwambo kinakosa tena cha kukisukuma, kinarukaruka ovyo na kinaweza kupasuka. Kwa hiyo honi ya 400 Hz huanza kupewa muziki kuanzia 800 Hz hivi, na krosova, sakiti inayogawa masafa kati ya spika, inazuia kilicho chini ya hapo. Hili usilipuuze hata kwa jaribio la dakika moja.

Na besi? Paul Klipsch, mhandisi wa Marekani aliyeanzisha kampuni yake huko Hope, Arkansas, mwaka 1946, aliiweka honi kwenye kona ya chumba. Sakafu na kuta mbili zinakuwa mwendelezo wa honi, na mdomo unaohitajika unabaki moja ya nane ya eneo. Ile honi yetu ya 40 Hz inashuka kutoka karibu mita za mraba 6 hadi pungufu ya mita moja ya mraba, na urefu wake kutoka mita 3 na nusu hadi 2 na kidogo. Njia hiyo ikikunjwa ndani ya sanduku, kitu kizima kinapita mlangoni. Lakini mikunjo inaharibu sauti za juu, na seremala wa mara ya kwanza atataabika na pembe zake. Mimi ningemshauri aanze na honi ya sauti za kati, besi aiachie koni kubwa ndani ya sanduku la kawaida.

Akifanya hivyo, kuna kazi moja imebaki. Yuniti ya honi imekaa nyuma sentimita 33, hivyo sauti yake inachelewa karibu milisekunde 1 ikiwa mdomo wa honi na uso wa koni vimepangwa mstari mmoja. Geuza nyaya za honi, chanya kwenye hasi, piga mlio wa 800 Hz kupitia spika zote mbili, kisha usogeze honi mbele au nyuma taratibu huku ukisikiliza ukiwa mahali pako pa kukaa. Patakuwa na sehemu ambapo mlio unafifia kuliko kwingine. Weka alama hapo, rudisha nyaya kama zilivyokuwa, na koni na honi zitakuwa zinasukuma hewa kwa pamoja.