Si shimo jeusi linaloishika galaksi: dhana potofu kuhusu maada ya giza

Anayefukuza ndege shambani kwa kombeo anaijua hesabu ya galaksi, ile mikusanyiko mikubwa ya nyota, bila kufundishwa. Akilizungusha jiwe polepole, kamba inalegea. Akiongeza kasi, kamba inakaza mkononi, na kama ni dhaifu itakatika na jiwe liende zake. Wanaastronomia hufanya jambo hilohilo kwa nyota: hupima kasi yake, kisha huuliza ni tungamo (wingi wa maada) kiasi gani linahitajika kuivuta isichomoke. Jibu wanalolipata ni kubwa mno kuliko nyota na gesi zote zinazoonekana. Hicho kinachovuta bila kuonekana ndicho kinachoitwa maada ya giza, na kimezungukwa na maneno mengi yasiyo ya kweli. Nianze na lile ninalolisikia zaidi.

"Galaksi inashikiliwa na shimo jeusi lililo katikati yake"

Dhana hii inaeleweka ilikotoka. Tumezoea mfumo wa Jua, ambamo Jua peke yake lina zaidi ya asilimia 99.8 ya tungamo lote, na sayari hazina budi kulitii. Tukiambiwa kwamba katikati ya galaksi yetu, Njia Nyeupe, kuna shimo jeusi kubwa, yaani kitu chenye mvutano mkali hata nuru haichomoki, tunalipa cheo kilekile.

Lakini tazama hesabu. Shimo hilo, Sagittarius A*, lina tungamo la Jua mara milioni 4 hivi. Galaksi nzima ina tungamo la Jua takriban mara trilioni 1. Yaani katika kila shilingi milioni moja za galaksi, shimo jeusi linamiliki shilingi 4. Jua letu liko umbali wa miaka ya nuru 26,000 hivi kutoka kitovuni (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Kama lingekuwa linashikwa na shimo hilo tu, lingeweza kuzunguka kwa kasi ya kilomita 1.5 hivi kwa sekunde, na likifika zaidi kidogo ya 2 lingetoroka moja kwa moja. Kasi yake halisi ni karibu kilomita 230 kwa sekunde, na bado halijaenda popote.

Upo ushahidi mwingine ulio wazi zaidi. Galaksi ya M33, jirani wa Andromeda, ile galaksi kubwa iliyo karibu na yetu, imechunguzwa sana kitovuni mwake na halijapatikana shimo jeusi kubwa la aina hiyo. Hata hivyo inazunguka vizuri, nyota zake hazijatawanyika, na vipimo vya mwendo wake vinaonyesha imejaa maada ya giza. Mashimo meusi hutawala mtaa wao wa karibu tu.

"Nyota za pembeni huenda polepole, kama sayari za mbali"

Hivi ndivyo hata wataalamu walivyotarajia. Utaridi hulizunguka Jua kwa kilomita 47 kwa sekunde, Dunia kwa 30, na Neptuni, iliyo mbali kabisa, kwa 5 tu. Nuru ya galaksi imesongamana katikati, kwa hiyo ilionekana dhahiri kwamba tungamo nalo liko huko, na kwamba kasi ingepungua kadiri unavyokwenda nje.

Mwaka 1970 wanaastronomia wa Marekani Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vya mawingu 67 ya gesi ing'aayo katika galaksi ya Andromeda. Ford alikuwa ametengeneza chombo kilichoweza kuchambua nuru hafifu sana kuliko vyombo vya zamani, na Rubin alijua la kukifanyia. Kasi haikupungua kama ilivyotarajiwa. Kufikia mwaka 1980 walikuwa, pamoja na Norbert Thonnard, wamepima galaksi nyingine 21, na hali ikawa ileile. Wakati huohuo wapimaji wa mawimbi ya redio walikuwa wakifuatilia gesi ya hidrojeni, ambayo huenea mbali kuliko nyota. Mholanzi Albert Bosma alionyesha mwaka 1978 kwamba hata huko nje, ambako nuru ya nyota imekwisha, gesi ilikuwa bado inakimbia kwa kasi kubwa.

Maana yake ni kwamba tungamo halikomi pale nuru inapokoma. Galaksi tunayoiona, sahani bapa yenye mikono, imezama ndani ya wingu kubwa mno la maada isiyoonekana, lenye umbo la kukaribia tufe, linaloenea mbali kupita nyota za mwisho. Hapa kuna jambo ambalo maelezo mengi huliruka: karibu na kitovu, nyota na gesi za kawaida hufanya sehemu kubwa ya kuvuta. Maada ya giza hushika usukani kadiri unavyosogea nje. Iondoe leo, na sehemu za nje ndizo zitakazosambaratika kwanza.

Rubin alifariki Desemba 2016 bila kupewa Tuzo ya Nobel, na tuzo hiyo haipewi waliokwisha kufa. Mimi nalihesabu hilo kuwa deni lisilolipika.

"Ni vitu vyeusi tu: vumbi, nyota zilizozimika, mashimo meusi"

Jina ndilo linalopotosha. Kitu cheusi huzuia nuru. Ile mistari ya giza unayoiona ikikata Njia Nyeupe usiku usio na mbalamwezi ni vumbi la kawaida linaloziba nyota zilizo nyuma yake. Maada ya giza haizuii nuru hata kidogo. Nuru hupenya kama kwamba hakuna kitu, na ingefaa zaidi kuitwa maada angavu, yaani inayopitisha nuru.

Wazo la nyota zilizozimika lilichukuliwa kwa uzito na likapimwa. Katika miaka ya 1990 vikundi viwili vya watafiti, MACHO na EROS, vilikesha vikitazama mamilioni ya nyota katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo inayoandamana na yetu. Kitu kizito kisichoonekana kikipita mbele ya nyota, mvutano wake hukunja nuru na nyota huongezeka mng'ao kwa muda. Matukio yalipatikana, lakini machache mno kuweza kuwa maelezo ya maada ya giza yote. Wingu hilo unaweza kulitazama mwenyewe: jioni za Januari, mahali pa giza kwenye pwani ya Tanzania, liko upande wa kusini, chini chini, kama moshi uliokataa kutawanyika.

"Wameibuni ili hesabu zao zikae sawa"

Ingekuwa hoja nzito kama ushahidi ungekuwa wa aina moja. Lakini mwaka 1933, kabla Rubin hajaanza shule, mwanaastronomia Fritz Zwicky alikwishapima kasi za galaksi katika kundi la Coma, mkusanyiko wa galaksi nyingi zilizo pamoja, na kuona zinakimbia mno kuliko kundi lingeweza kuzizuia. Makadirio yake yalizidi, kwa sababu umbali wa galaksi haukujulikana vizuri wakati huo, lakini alichokiona kilikuwapo kweli.

Ushahidi mwingine ulianzia kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina Uhuru, nayo ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi ya kupima eksrei za angani peke yake. Miongoni mwa mengi iliyoyaona, iligundua kwamba makundi ya galaksi, likiwamo lilelile la Coma, yanatoa eksrei kutoka eneo pana. Baadaye ilithibitika kwamba chanzo ni gesi iliyotanda kati ya galaksi, na ile ya Coma ina joto la digrii karibu milioni 100. Gesi ya joto hilo ingekuwa imetawanyika zamani kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Haijatawanyika. Tungamo lake lenyewe linazidi la nyota zote za kundi, na ukijumlisha vyote viwili bado havitoshi kuizuia. Watu wachache wa Malindi wanaambiwa kwamba habari hii ilipitia ufukweni kwao, nami ningependa kila shule ya pale iijue.

Wapo wanaosema tubadilishe kanuni ya mvutano badala ya kuongeza maada. Mwanafizikia Mordehai Milgrom alilipendekeza hilo mwaka 1983, na kwa mizunguko ya galaksi pendekezo lake linafanya vizuri kwa kushangaza. Linapokwama ni kwenye makundi ya galaksi, ambako hata likitumika bado hubaki tungamo lisiloonekana.

Mawili ya haraka

Maada ya giza si nishati ya giza. Ya kwanza huvuta na kukusanya, na ni kama asilimia 27 ya vilivyomo ulimwenguni; ya pili, asilimia 68 hivi, inahusishwa na kutanuka kwa ulimwengu kunakozidi kuongezeka kasi. Vitu vya kawaida, sisi tukiwamo, ni asilimia 5.

Wala haikushiki wewe ardhini. Imesambaa nyembamba mno: kwa makadirio ya msongamano wake katika eneo letu, ndani ya Dunia nzima haizidi kilo moja hivi kwa wakati wowote. Inashinda kwa sababu galaksi ni pana kupita kiasi, na yenyewe imejaa kila pembe.

Ni chembe gani hasa? Katika mgodi wa zamani wa dhahabu huko South Dakota, Marekani, karibu kilomita 1.5 chini ya ardhi, kuna tangi lenye tani kadhaa za zenoni kimiminika, limezungukwa na vihisi vinavyosubiri kimulimuli kimoja cha chembe hiyo ikigonga atomu. Hadi sasa hakijaonekana.