Mkimbiza mpira wa NFL: yale tunayoyaamini na yalivyo kweli

Anayeitazama NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, kupitia vipande vya video mtandaoni humwona mkimbiza mpira, yule anayekabidhiwa mpira na kupenya katikati ya watu, kisha akamhukumu papo hapo: ana mbio, ana misuli, ana mamilioni.

Mbio ni sehemu tu ya kazi. Akishapokea mpira kwa kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, hatua za mwanzo huzipiga kwa subira, macho kwenye migongo ya wenzake wanaosukumana mbele, akingoja upenyo. Akiwahi, anamvaa mwenzake, akichelewa, anafunikwa. Mpira ukirushwa, mara nyingi yeye ndiye hubaki kumkinga kwotabeki dhidi ya mlinzi anayekuja kasi, pengine mzito kuliko yeye. Asiyejua kukinga huwekwa benchi. Tena lazima adake: mwaka 2019 Christian McCaffrey alivuka yadi 1,000 kwa kukimbia na 1,000 nyingine kwa kupokea pasi.

Dhana inayoniudhi zaidi ni ya pesa. Aliyechaguliwa kwenye drafti, zoezi la kila mwaka ambapo klabu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, husaini mkataba wa miaka 4, na malipo hufuata nafasi aliyochaguliwa, hata akiibeba timu nzima mgongoni. Kwa mkimbiza mpira, hiyo ndiyo miaka ya nguvu zake. Anayetegemewa huweza kubebeshwa mpira mara 250 au 300 kwa msimu, na karibu kila mara huishia chini ya miili ya watu. Siku anapodai mkataba mnono, anaambiwa mwili umechakaa. Klabu pia ina haki ya kumzuia asiondoke kwa kumpa mkataba wa mwaka mmoja. Le'Veon Bell wa Pittsburgh Steelers aliukataa mkataba wa aina hiyo, wa zaidi ya dola milioni 14, akakosa msimu mzima wa 2018. Wapo waliomwita mroho. Kwangu mimi, alikuwa na haki: goti likikatika, hasara ni yake. Hata kiasi kinachotangazwa kwa mbwembwe mara nyingi hakina dhamana yote. Akiachwa, sehemu kubwa anaweza asiione.

Je, goti likikatika ndiyo basi? Si lazima. Adrian Peterson aliumia Desemba 2011, na msimu wa 2012 akakimbia yadi 2,097, pungufu ya 8 tu kuifikia rekodi ya yadi nyingi zaidi katika msimu mmoja, aliyoiweka Eric Dickerson mwaka 1984. Lakini Terrell Davis, aliyepata yadi 2,008 mwaka 1998, aliumia goti mwaka uliofuata na hakurudi tena alivyokuwa.

Umri wa miaka 30 nao si kaburi: Derrick Henry, akiwa na Baltimore Ravens, alikimbia yadi 1,921 msimu wa 2024.

Wala si lazima uanze utotoni. Christian Okoye, mzaliwa wa Enugu, Nigeria, alikwenda Marekani kwa ajili ya riadha, akirusha kisahani. Futiboli aliianza akiwa mtu mzima chuoni, na mwaka 1989, akiwa na Kansas City Chiefs, aliongoza ligi nzima kwa yadi 1,480. Alicheza misimu mitatu zaidi, kisha akamaliza.