Uwanja mtupu na mwenyeji: yanayosemwa vibandani na yaliyoonekana uwanjani

Juni 2020 tulibanana kwenye kibanda umiza cha Chikongola, Mtwara mjini, tukiangalia ligi ya Uingereza iliyorudi tarehe 17 ya mwezi ule baada ya kusimamishwa na korona. Majukwaa yalikuwa meupe. Ukisikiliza vizuri ulikuwa unamsikia kocha akifoka na kipa akiwapanga mabeki wake. Ubishi ulianza kabla ya mapumziko: kama hakuna watu, kucheza nyumbani kuna faida gani?

Ubishi ule nausikia hadi leo. Nimeshika kibendera cha mwamuzi wa pembeni kwenye ndondo, mechi za mtaani, za Mtwara na Lindi kwa miaka kadhaa, na jambo hili linanigusa, kwa sababu baadhi ya yanayosemwa huwaumiza watu wasio na kosa. Nayachukua moja moja.

"Bila mashabiki, nyumbani na ugenini ni mamoja"

Si kweli. Faida ya mwenyeji ilipungua sana, lakini haikufa.

Ujerumani ndiyo ligi kubwa ya kwanza kurudi, tarehe 16 Mei 2020. Kabla ya kusimama, wenyeji walikuwa wanashinda mechi kama 43 kwa kila 100. Viwanja vilipokuwa vitupu, zikashuka hadi kama 33. Uingereza, msimu wa 2020/21 ambao karibu wote ulichezwa bila watu, wageni walishinda mechi 153 na wenyeji 144, kati ya mechi 380. Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea katika ligi ya juu ya nchi ile tangu ianze mwaka 1888. Watafiti waliopitia mechi 4,844 za ligi 15 kutoka nchi 11 za Ulaya, za kabla na za baada ya korona kuingia, walikuta faida ya mwenyeji imepungua karibu nusu, kwa pointi na kwa mabao.

Sasa iangalie ile nusu iliyobaki. Mwenyeji bado kalala kitandani kwake, kala chakula alichokizoea, na anajua mpira unavyodunda kwenye kona ile yenye kipara. Wapo pia watafiti waliopima mate ya wachezaji kabla ya mechi wakakuta homoni ya testosteroni iko juu zaidi wanapocheza kwao. Mtu akiwa nyumbani kwake hulinda.

Mfano wa hapa kwetu upo. Baada ya vurugu za mechi ya Simba na CS Sfaxien Desemba 2024, pale viti viliponyofolewa Uwanja wa Mkapa, CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliamuru Simba icheze bila mashabiki. Januari 2025 wakaingia kuwakabili CS Constantine kwenye uwanja ule mkubwa ukiwa kimya, wakashinda 2-0.

"Liverpool ndio ushahidi wenyewe"

Hii hupendwa sana. Liverpool walikuwa wamecheza mechi 68 za ligi nyumbani bila kufungwa, Burnley wakaja Januari 2021 wakawafunga 1-0, na baada ya hapo wakapoteza hadi zikafika sita mfululizo pale Anfield, uwanja wao. Watu husema: mnaona, bila watu Anfield si kitu.

Lakini baadhi ya zile mechi 68 zilichezwa uwanja ukiwa mtupu vilevile, na hawakufungwa. Kilichobadilika msimu ule ni kwamba Van Dijk aliumia Oktoba, Gomez Novemba, na Matip hakumaliza msimu. Timu imebaki bila mabeki wa kati, halafu lawama zinabebeshwa viti! Timu moja haitoshi kuthibitisha jambo hili. Ndiyo maana waliolichunguza walihesabu maelfu ya mechi.

"Kelele humpa mchezaji miguu, ndiyo siri yote"

Hapa ndipo penye uzito, na hapa ndipo tulipokosea wengi, mimi nikiwemo. Tunamwita shabiki mchezaji wa 12, tukidhani kazi yake ni kuwasukuma wale 11. Pengine huwasukuma kidogo. Lakini sehemu kubwa ya kelele ile haiendi kwa mchezaji. Inakwenda kwa mwamuzi.

Waingereza walilijaribu vizuri. Walichukua waamuzi 40 wenye sifa, wakawaonyesha matukio 47 ya wachezaji kukabana katika mechi ya Liverpool na Leicester. Kundi moja lilitazama likisikia kelele za uwanjani, jingine likatazama kimya. Picha ni zilezile. Waliosikia kelele walitoa faulo chache zaidi dhidi ya mwenyeji, pungufu ya asilimia 15 hivi. Hawakumwonea mgeni, walimsamehe mwenyeji. Kelele zilipopanda, waliingiwa na shaka, na wakiwa na shaka wakaacha mchezo uendelee.

Hispania jambo hili lilionekana kwenye dakika za nyongeza. Mwenyeji akiwa nyuma kwa bao moja, refa huongeza muda mrefu. Akiwa mbele kwa bao moja, muda unafupishwa. Italia nako, mwaka 2007, polisi mmoja aliuawa kwenye ghasia za mechi ya Catania na Palermo, na viwanja visivyotimiza masharti ya usalama vikafungiwa watazamaji. Zikapatikana mechi 21 bila watu, waamuzi walewale na wachezaji walewale. Ule ukali uliokuwa ukimwangukia mgeni ukapungua. Korona ilipokuja, ligi nyingi za Ulaya zilirudia somo hilohilo: kadi za njano za wageni zikashuka.

"Basi refa kala pesa"

Hili ndilo linaloniuma. Wapo waamuzi waliohongwa, sikatai. Lakini wale 40 waliokaa mbele ya televisheni walihongwa na nani?

Nieleze langu. Ilikuwa ndondo ya kata huko Lindi, hakuna uzio, watu wamesimama juu ya mstari wenyewe, mimi nakimbia kwenye kijia cha upana wa mabega yangu. Nyuma yangu kulikuwa na mzee mwenye kikombe cha kahawa ya tangawizi, karibu kiasi kwamba harufu ilikuwa inanifikia shingoni. Dakika za mwisho, sare, winga wa wageni akapokea pasi nyuma ya mabeki. Niliona yuko sambamba na beki wa mwisho. Nasema niliona. Halafu upande wangu wote ukalipuka, "Kaoteaaa!", na nilipojitambua mkono wangu ulikuwa juu, kibendera kinapepea.

Yule kijana alisimama akanitazama. "Refa, kweli nimeotea?" Hakutukana. Jioni tuliangalia video ya simu, na alikuwa sambamba kabisa. Wageni waliondoka wakisema nimekula pesa, na hadi leo wapo wanaoamini hivyo. Sikupewa hata soda. Kilichonikaa zaidi ni yule mzee, alivyonishika bega filimbi ilipolia: "Mwanangu, leo umetusaidia." Alisema kwa wema kabisa.

"VAR ndiyo iliyompunguzia mwenyeji makali"

Uingereza VAR, yaani waamuzi wanaokagua matukio kwa video, ilianza Agosti 2019. Kwa hiyo ilikuwepo kabla ya viwanja kufungwa na ilikuwepo vilipofungwa. Haiwezi kueleza tofauti ya kabla na baada.

"Siri ni safari, timu zinafika Mtwara zimechoka"

Hili tulilisema sana enzi za timu yetu ya Ndanda ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15 na kuwapokea wakubwa uwanja wa Nangwanda Sijaona, na tukalirudia Namungo ya Lindi ilipoanza kuwaalika kwao Ruangwa. Lina ukweli wake. Kutoka Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, na timu inayotoka Kagera inakatiza nchi pembe hadi pembe. Mchezaji aliyelala kwenye kiti cha basi si sawa na aliyelala kitandani.

Ila safari haiwezi kuwa siri yote. Wakati wa korona timu za Ulaya ziliendelea kusafiri, umbali haukupungua, na bado wenyeji walipoteza nusu ya faida yao. Kilichoondoka ni watu. Kwetu huku, ambako barabara ni ndefu kuliko za Wajerumani, naamini safari ina uzito zaidi, na ningependa mtu akae na matokeo yetu ya miaka 10 apige hesabu. Kipimo cha viwanja vitupu sisi hatukukipata: ligi yetu ilirudi Juni 2020 watu wakiwemo, na Julai ile Simba walikabidhiwa kombe lao palepale Ruangwa baada ya sare ya 0-0.

"Muhimu ni wingi wa watu"

Wingi ni jambo moja, ukaribu ni jingine. Utafiti wa mechi za Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, ulionyesha kwamba kwenye viwanja vyenye njia ya kukimbilia riadha kuzunguka nyasi, waamuzi hawakumwegemea mwenyeji kama kwenye viwanja ambavyo jukwaa limekaribiana na mstari. Kelele zikisogezwa mita chache, mwamuzi anapumua.

Kwa mwamuzi wa ndondo hii ndiyo habari iliyo muhimu kuliko zote, maana kwetu shabiki hayuko jukwaani, yuko begani. Watu 300 walio juu ya mstari wananielemea kuliko maelfu walio kwenye zege upande wa pili.

Kwa hiyo siku hizi nikipangwa nafika saa nzima kabla. Naomba waandaaji vigingi na kamba ya manila, tunaifunga hatua tatu nyuma ya mstari, pande zote mbili. Wazee huja na mabenchi yao wakayakuta yanapaswa kurudi nyuma, na hunung'unika. Nawaambia, wazee wangu, kelele pigeni zote mlizonazo, ila mzipigie nyuma ya kamba.