Je, wajua kwa nini akili mnemba inaweza kuipeleka kazi ya dharura mwisho wa foleni?

Linear ni programu ya kufuatilia kazi: nani anashughulikia nini, amefika wapi, kipi kitangulie. Ndani yake kipaumbele cha kila tiketi, yaani kila kazi iliyoandikwa humo, hutunzwa kwa namba, 0 hadi 4. Namba 1 ni dharura, 2 ni cha juu, 3 cha kati, 4 cha chini. Na 0 maana yake tiketi haijapangiwa kipaumbele chochote. Sisi tunaoitazama skrini namba hizo hazitusumbui, maana tunaona neno na alama yake.

Sasa mpe wakala wa akili mnemba, yaani programu inayotenda kazi kwa niaba yako, zana iliyoelezwa hivi: "Hubadilisha kipaumbele. Weka namba 0 hadi 4." Kisha mwambie malipo ya wateja yamekwama, tiketi hii itangulie zote. Akiweka 4, utamlaumu kwa lipi? Penye namba tupu, kubwa ndiyo huonekana nzito. Tiketi imeshuka mkiani na kila mtu anaamini imepanda.

Chanzo ni namna zana zinavyomfikia. Wakala wa aina hii hafungui programu kama wewe. Pamoja na ombi lako huletewa orodha ya zana, kila moja na jina lake, maelezo yake na parameta zake, yaani nafasi za kujazwa. Huchagua moja, huandika ombi kwa muundo wa JSON, maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome, kisha programu hulitekeleza na kumrudishia jibu. Msimbo ulio nyuma ya zana haoni, na mazoea ya timu yenu hayajui asipoambiwa. Maneno machache yale ya maelezo ndiyo macho yake. Ndiyo maana naona ni kosa kuyaandika mwishoni, kazi ikiwa imeshachosha.

Zana ileile ingeweza kuelezwa hivi: "Hubadilisha kipaumbele cha tiketi moja. 1 ni dharura, 2 juu, 3 kati, 4 chini. 0 huondoa kipaumbele. Usiitumie kama mtumiaji hakutaja kipaumbele." Sentensi nne tu. Ile ya mwisho ndiyo husahaulika zaidi, kumwambia wakala lini zana isiguswe.

Jira ya kampuni ya Atlassian, nayo programu ya kufuatilia kazi, ina mtego wa namna nyingine. Kwenye skrini unaiburuta kadi kutoka safu moja hadi nyingine, basi. Kwa wakala anayepitia API, mlango ambao programu huongea na programu nyingine, mambo si hayo: hali ya tiketi haiandikwi moja kwa moja, inaombwa kwa kutaja mpito, yaani hatua ya kutoka hali moja hadi nyingine, na kila mpito una kitambulisho chake. Mipito iliyopo hutegemea tiketi imesimama wapi kwa wakati huo na jinsi timu ilivyopanga mtiririko wake. Kwa hiyo maelezo yanayosema "hufunga tiketi" yameficha nusu ya kazi. Yaseme wazi kwamba kwanza itumike zana ya kuorodhesha mipito ya tiketi hiyo, ndipo kitambulisho kilichopatikana kiletwe hapa. Kumkabidhi mtu tiketi ni vilevile: Jira ya mtandaoni hutaka kitambulisho cha akaunti yake, jina peke yake halitoshi.

GitHub, jukwaa la kutunzia msimbo, nayo kwenye API yake huhesabu kila ombi la kuunganisha msimbo (pull request) kuwa ni tiketi pia. Ukiuliza tiketi ngapi ziko wazi, na maelezo ya zana yamelinyamazia hilo, unaweza kuletewa hesabu iliyovimba.

Mnamo Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa MCP, itifaki ya wazi inayowezesha zana za seva moja kutumiwa na programu nyingi za akili mnemba. Tangu hapo anayeandika maelezo hawezi kujua ni modeli ipi ya akili mnemba itayasoma, wala mtumiaji ataomba kwa lugha gani. Hapo ndipo linapotugusa sisi. Mtu wa Dodoma au Mombasa akiandika "tiketi hii iishe kesho saa tatu asubuhi", anamaanisha 09:00. Zana yenye parameta inayoitwa "muda" bila neno jingine inaweza kupokea 03:00, na tiketi ikahesabiwa imechelewa kabla mwenyewe hajaamka. Tarehe nayo ina yake: 03/04/2025 kwetu ni Aprili 3, kwa Mmarekani ni Machi 4.

Zana yoyote itakayohudumia watu wetu ningetaka iwe na mistari hii: "Andika muda kwa mfumo wa ISO 8601 pamoja na ukanda wa saa, mfano 2025-04-03T09:00:00+03:00. Saa za Kiswahili huhesabiwa kuanzia mapambazuko na machweo: saa tatu asubuhi ni 09:00, saa tatu usiku ni 21:00. Mtumiaji akisema 'saa tatu' bila kutaja asubuhi au usiku, muulize kwanza."